Picha ya kichwani inataka mahali pa kutundikwa

Mkuu, umeuliza kwa nini picha unazovuta kichwani ili kukumbuka mambo zinapotea pale hasa unapozihitaji. Unaiona vizuri kabisa barua unayotakiwa kuipeleka, kisha unatoka na barua inabaki mezani. Majina ya watu nayo hivyo hivyo. Mbinu hizi nimezitumia kwa miaka, kazini na nyumbani, na naona picha zako hazina ubaya wowote. Umeziacha zinaelea tu, hujazitundika popote.

Wengi wetu tunafundishwa kwamba picha iwe ya ajabu: kubwa, yenye rangi kali na vurugu. Inasaidia kweli. Ila ajabu hiyo haiwezi kukushtua wakati ukifika. Kinachokushtua ni kitu utakachokigusa au kukiona saa ile ile, na kwa barua yako kitu hicho ni kitasa cha mlango. Usiku kabla ya kulala, jione unashika kitasa cha kesho asubuhi, na badala ya chuma unashika karatasi iliyokunjamana, inakwaruza kiganja, wino unakuchafua vidole. Rudia mara mbili tatu, kisha achana nayo. Asubuhi ukigusa kitasa, barua inakuja. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba mpango wa aina ya "nikifika mahali fulani, nitafanya jambo fulani" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu ya "nitafanya". Picha ya kitasa ni mpango huo huo. Picha ya dawa za kumeza mimi huitundika kwenye mswaki, kwa sababu mswaki siukosi hata siku moja.

Kupoteza funguo ni habari nyingine. Hapo hujasahau chochote. Hukuona ulipoziweka, mkono ulifanya kazi peke yake. Unapoziachia, zitazame na uzipe tukio pale pale: zinatoboa meza, moshi unafuka. Sekunde moja inatosha.

Sasa majina, ambayo ndiyo yanawatesa watu wengi zaidi. Watafiti walionyesha mwaka 1987 kwamba neno lile lile likitolewa kama kazi ya mtu hukumbukwa vizuri kuliko likitolewa kama jina lake. Ukiambiwa mtu ni mvuvi, tayari unaona mtumbwi, nyavu, maji. Jina linakuja tupu, halina cha kushikia. Basi livalishe, na livalishe kwenye uso wa mwenyewe, maana uso ndio utakaokutana nao tena. Akiitwa Sabina, naona povu la sabuni linamtiririka kutoka kwenye paji la uso wake lile pana. Akiitwa Kornelio, naona koleo limembana pua. Chagua sehemu ya uso iliyokuvutia mwanzo, usiilazimishe, kwa sababu mkikutana tena macho yako yataanzia hapo hapo. Wakati unavuta picha, litamke jina: "Karibu, Sabina." Kisha mkiagana, litamke tena. Usipolisikia vizuri, omba lirudiwe. Sijaona mtu aliyechukia kuulizwa jina lake kwa nia ya kulishika.

Mambo yakiwa mengi na yana mpangilio, kama hoja za kuzungumza kwenye kikao, hapo tumia njia ya vituo. Ni ya kale sana. Cicero, msemaji maarufu wa Roma ya kale, alisimulia chanzo chake mwaka 55 KK: mshairi Mgiriki Simonides alitoka nje ya karamu, nyuma yake paa la ukumbi likaanguka, na maiti zikawa hazitambuliki. Yeye akazitambua kwa kukumbuka nani alikuwa ameketi wapi. Unachukua njia unayoijua mno, mlangoni, sebuleni, jikoni, mpaka chumbani, na kila kituo unakipa hoja moja. Na hii haitaki kipaji. Katika utafiti wa Martin Dresler na wenzake uliochapishwa mwaka 2017, watu wa kawaida walijifunza njia hii nusu saa kwa siku kwa wiki 6. Kati ya maneno 72, mwanzoni walikuwa wanakumbuka kama 26 hadi 30. Baada ya mazoezi wakaongeza mengine 35 hivi juu ya hayo. Miezi minne baadaye, bila kuendelea na mazoezi, sehemu kubwa ya faida ile walikuwa bado wanayo.

Lakini angalia mwanga wa picha zako. Luria, mwanasaikolojia wa Urusi, alimchunguza kwa miaka mingi Solomon Shereshevsky, mtu mwenye kumbukumbu ya kutisha, ambaye naye alivipanga vitu vya kukumbuka kwenye barabara aliyoivuta kichwani mwake. Safari moja aliruka yai: alikuwa ameliegesha kwenye ukuta mweupe, akapita bila kuliona. Baada ya hapo akawa anayakuza mayai yake na kuyawekea taa. Ukiruka kituo, mara nyingi sababu ni hiyo: kitu kidogo mno, au kimefanana na mahali pake. Kikuze, kisogeze, kimulike.

Namba za simu na tarehe mimi naandika. Zinawezekana kwa picha, ila kwa maisha ya kila siku sioni faida inayolingana na jasho lake.

Kuna mwenzetu mmoja amesema akifumba macho haoni kitu kabisa. Ndugu, huumwi. Hali hiyo daktari wa mishipa ya fahamu Adam Zeman na wenzake waliipa jina la afantasia mwaka 2015. Watu wa hali yako walipoombwa kuchora chumba kwa kumbukumbu, walikosa vitu vingi na rangi, lakini vile walivyochora waliviweka mahali pake sawasawa. Kwa hiyo acha kuhangaikia picha, tumia mahali. Vizungukie vituo vyako kwa miguu, gusa kila kimoja na useme kwa sauti kimebeba nini, kisha zunguka tena kesho yake bila kusema.