Bili ya emajensi: usikimbilie kulipa

Pole sana, dada. Masaa manne emajensi na mtoto hapa Marekani, huna bima, halafu bili ya dola 3,900! Usilipe bado, na tafadhali usiiweke kwenye kadi ya mkopo. Ukifanya hivyo deni linahamia benki, na benki haina huruma.

Pigia ofisi ya bili, omba mchanganuo wa kila kitu, mstari kwa mstari. Mimi nilikuta nimetozwa dripu mbili, na mkononi nilikuwa na alama moja tu ya sindano. Wakaifuta ya pili. Kiingereza kikikusumbua, dai mkalimani, ni bure. Usimfanye mtoto kuwa mkalimani wako.

Halafu uliza kama hospitali haiendeshwi kwa faida. Ikiwa hivyo, sheria ya shirikisho inailazimu kuwa na mpango wa msaada kwa wenye kipato kidogo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Peleka hati za mshahara, baki na nakala. Usisubiri wakutangazie dirishani, uliza mwenyewe.

Ukiletewa barua ya mahakama, usiifiche kabatini: tafuta ofisi ya msaada wa kisheria wiki hiyohiyo.