Kabla ya kusema jani linaua bakteria, andika siku ulipolichuma

Nilipokuwa nikifanya utafiti wa shahada yangu ya kwanza, nilichuma kivumbasi mara mbili kandokando ya mashamba ya Muheza: mara ya kwanza Aprili, masika yakiwa yamekolea, na mara ya pili Februari iliyofuata, jua likiwaka na mimea ikiwa imetoa maua. Kila mara niliponda gramu 100 za majani mabichi, nikayaloweka katika spiriti, nikachuja, kisha nikadondoshea dawa hiyo kwenye vipande vya karatasi vyenye kipenyo cha milimita 6, vilivyokaa juu ya agari, yaani ute ulioganda wa kuoteshea vijidudu, iliyopandwa bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Kesho yake duara lisiloota bakteria lilikuwa pana zaidi kwenye karatasi za Februari, nami nikaandika kwa furaha kwamba kiangazi huongeza nguvu ya dawa.

Msimamizi wangu aliuliza swali moja tu: majani hayo yalikuwa na maji kiasi gani? Sikuwa na jibu. Jani la masika hujaa maji, kwa hiyo katika gramu zile 100 za Aprili huenda jani lenyewe lilikuwa kidogo mno.

Ndiyo maana nakushauri ukaushe kwanza, upime jani kavu, na baada ya spiriti kukauka upime pia masalia yake, ili dawa za misimu yote uzijaribu zikiwa na ukali uleule. Kausha kivulini. Fungu moja nililianika juu ya bati saa sita mchana, na kufika jioni lilikuwa halinukii tena, kwa kuwa mafuta yanayobeba harufu ndiyo yanayopambana na bakteria, na joto huyafukuza. Usisahau karatasi yenye spiriti tupu, maana spiriti nayo huua. Kumbuka pia kwamba mafuta hayasambai vizuri ndani ya agari, hivyo duara dogo si lazima liwe dalili ya dawa dhaifu. Ni afadhali uizimue hatua kwa hatua hadi upate kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kuota. Matokeo ya maabara, hata yakipendeza namna gani, hayampi mtu ruhusa ya kuinywa.

Msimu wenyewe una athari ya kweli, kwani kiasi cha mafuta hubadilika kadiri jani linavyokomaa na mmea unavyokaribia maua. Wakulima wa Pemba hawahitaji kuambiwa hayo: karafuu huchumwa kabla haijachanua, na ikiachwa mtini hadi ikawa mpeta, yaani tunda lililopevuka, mafuta yake hupungua. Bibi mmoja wa Muheza alilisugua jani langu la Aprili kiganjani, akalinusa, akasema, “Mwanangu, hili bado maji. Ngoja litoe ua.” Nilitabasamu kwa adabu, nikaendelea kuchuma.

Siku hizi daftari langu lina tarehe, saa, mahali, mvua ya mwisho ilinyesha lini, na kama mmea una ua. Tena hukandamiza tawi moja lenye ua kati ya magazeti na kulipeleka kwa wataalamu wa mimea, kwa sababu jina kivumbasi hupewa aina zaidi ya moja za jamii ya Ocimum. Tawi la Aprili ile sikulihifadhi, na hadi leo siwezi kuapa kwamba mara zote mbili nilichuma mmea uleule.