Chunguza Viungo Kwanza, Alaimenti Baadaye

Gari la zamani linapovuta upande mmoja, mara nyingi mwenyewe huja gereji akiwa na jibu tayari: anataka alaimenti, yaani kurekebishiwa pembe za magurudumu. Wewe unayeanza kazi hii, usilipokee jibu hilo kabla hujalichunguza gari. Mashine ya alaimenti hupima pembe za magurudumu gari likiwa limesimama, nayo haiwezi kukueleza kwamba boljointi (kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka na kupanda na kushuka) imelegea au kwamba mpira wa bushi (kiungo cha mpira na chuma) umeachana na chuma chake. Ukirekebisha pembe ilhali kiungo kimoja kinacheza, karatasi ya vipimo itatoka safi, lakini gurudumu litahama tena pindi dereva atakapokanyaga breki au kupita kwenye shimo.

Anza kwa kumhoji dereva. Gari linalovuta wakati wa breki pekee linakuelekeza kwenye breki zenyewe au kwenye bushi za mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na fremu ya gari), na mtetemo unaojitokeza kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa kwa kawaida ni wa balansi ya magurudumu (usawa wa uzito wake), si wa alaimenti.

Kisha nenda kwenye matairi. Hapa ningependa anayejifunza atulie kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa namna tairi lilivyolika huonyesha jinsi gurudumu lilivyokuwa likikaa barabarani kwa muda mrefu. Tairi lililolika mabega yote mawili limekuwa likitembea na upepo mdogo, na lililolika katikati limezidishiwa upepo. Bega la ndani likilika peke yake, huenda gurudumu limeinamia ndani kwa upande wa juu, yaani kemba (pembe ya mwinamo huo) imepotea, ingawa magurudumu yaliyotanuka kwa mbele nayo hula bega hilo hilo. Ili kutofautisha, pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha urudi: yakiwa laini upande mmoja na makali upande wa pili, shaka kubwa iangukie kwenye tou, yaani pembe ya magurudumu kutanuka au kubanana kwa mbele. Mabonde yanayojirudia kuzunguka tairi hutokana na shokapu iliyochoka au gurudumu lisilo na balansi. Tahadhari moja kuhusu shokapu: kulikandamiza gari kwenye kona na kuhesabu linavyorukaruka hufichua ile iliyokufa kabisa tu, hivyo tazama pia kama inavuja mafuta.

Kabla ya kuinua gari, sawazisha upepo, liweke mahali tambarare, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto. Springi iliyolala hushusha upande wake na kubadilisha pembe, na hakuna marekebisho ya tairodi (fimbo inayounganisha usukani na gurudumu) yatakayoirudisha. Gari likivuta muda wote, badilishana matairi ya mbele, la kulia liende kushoto, isipokuwa kama yametengenezwa kuzunguka upande mmoja tu. Mvuto ukihamia upande wa pili, kosa ni la tairi.

Sasa inua gari, na usitegemee jeki peke yake, weka stendi. Shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, mwombe mwenzako akanyage breki: mchezo ukitoweka, beringi ndiyo inayoshukiwa, ukibaki, tazama boljointi. Mchezo wa kulia na kushoto huelekeza kwenye tairodi au reki ya usukani (mtambo unaosukuma tairodi). Kuna jambo ambalo wengi hulipuuza: pale springi inapokaa juu ya mkono wa chini, jeki lazima iwe chini ya mkono huo, karibu na gurudumu, la sivyo springi itaibana boljointi na ulegevu wake hautaonekana. Tairodi zenyewe huchunguzwa vizuri zaidi magurudumu yakiwa chini, mwenzako akiyumbisha usukani kidogo kidogo huku wewe umegusa kiungo kwa vidole.

Bushi mpya zina sharti lake. Bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake, kwa sababu bushi ya mpira iliyokazwa mkono ukining'inia hubaki imesokotwa na kupasuka mapema.

Viungo vyote vikishakuwa imara, ndipo gari liende kwenye mashine. Dai vipimo vya kabla na vya baada, vya magurudumu yote manne, kwani ekseli ya nyuma iliyokaa upande huufanya usukani ukae mshazari hata kama magurudumu ya mbele yako sawa. Linganisha kulia na kushoto: kwa kawaida gari huvutwa kuelekea upande ambao gurudumu limeinamia nje zaidi, au ule wenye kasta ndogo (kasta ni mlalo wa mhimili wa kugeuzia gurudumu kuelekea mbele au nyuma). Gari likirudi, hakikisha nati za kufungia tairodi zimekazwa, kisha liendeshe kwenye barabara iliyonyooka usukani ukiwa umeushika kwa wepesi.