Michirizi kwenye nyanya: ni kantangaze kweli?

SWALI: Nalima nyanya Ilula. Majani ya chini yana michirizi myeupe iliyopindapinda. Muuza pembejeo kasema ni kantangaze, akanipa dawa tatu nichanganye kwenye pampu moja. Nimepiga mara mbili, michirizi bado ipo. Niongeze kipimo?

JIBU: Usiongeze, ndugu yangu. Kwa ulivyoeleza, huyo ni inzi mchimba majani. Chuma jani, liinue juani, fuata mchirizi hadi unapopanuka, kisha upasue kwa pini. Ukikuta funza mdogo wa njano, hana kichwa cha kuonekana wala miguu, na nyuma yake kaacha kinyesi cheusi nukta nukta, basi ni inzi. Kantangaze ni kiwavi wa nondo: ana miguu na kichwa cha kahawia, na hachori mstari, anakula mabaka mapana mpaka jani linabaki ngozi tupu. Tena huingia hadi kwenye shina na matunda. Tangu aingie nchini mwaka 2014, kila doa la nyanya anasingiziwa yeye.

Hiyo "michirizi bado ipo" ndiyo inayonichosha kila msimu. Mchirizi ni kovu. Funza akifa leo, kovu litabaki mpaka jani lidondoke. Mkulima analitazama, anasema dawa imeshindwa, anarudi dukani, na muuzaji hana sababu ya kumsahihisha. Kagua majani mapya ya juu. Kama ni safi, chuma machache ya chini yaliyochorwa, yafukie, basi.

Sasa hizo dawa tatu. Soma vibandiko: majina ya biashara yanaweza kuwa tofauti na kiambato, yaani kile kinachoua mdudu, kikawa kilekile. Dawa inayoua kwa kugusa haimfikii funza aliye ndani ya jani. Inawamaliza nyigu wadogo wanaotaga mayai yao kwa huyo funza, halafu inzi wanajaa kuliko mwanzo. Hata kwa kantangaze mwenyewe, ambaye jike mmoja hutaga mayai hadi 260, kumwaga dawa ileile kila wiki kunabakiza wale sugu ndio wazaliane. Badilisha kwa kufuata namba ya kundi la dawa (kundi ni namna dawa inavyoua) iliyoandikwa kwenye kibandiko, si rangi ya chupa.

Na ukichanganya tatu, siku za kusubiri kabla ya kuvuna unahesabu za ile yenye siku nyingi zaidi. Muuzaji alikutajia ni ngapi?