Kikundi cha picha kikianza kupoa

Dada, umesema kikundi chenu cha kupiga picha hapo Dodoma kina watu 9 na wanaokuja vikaoni ni 4 tu. Punguzeni vikao vya ukumbini, ndivyo vinavyochosha. Kutaneni Soko la Majengo saa 1 asubuhi, kila mtu apige picha 12 bila kufuta hata moja, mada iwe mikono: ya muuza nyanya, ya fundi cherehani. Ombeni ruhusa kwanza, na nunueni japo fungu moja. Kisha chai na chapati, kila mmoja aonyeshe picha yake mbovu kuliko zote. Hapo ndipo mtacheka! Muuza nyanya mpelekeeni picha yake, imechapishwa kwenye karatasi.

Mkichanga nauli, nendeni Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006. Msiimwagie maji eti ing'ae.