Uliza, Tukujibu: Je, misaada na majeshi hufuata mafuta na madini?

SWALI: Mhariri, salamu. Kijiweni tunabishana. Mmoja anasema hakuna msaada wa bure, kila dola inayotolewa na nchi tajiri imeshapigiwa hesabu ya mafuta au dhahabu. Mwingine anasema hizo ni hasira tu. Nani mkweli?

JIBU: Salamu tumezipokea. Mnabishana kwa sababu neno "msaada" linabeba vitu vitatu visivyotoka mfuko mmoja. Kuna ruzuku na mikopo ya masharti nafuu, ambayo ndiyo huhesabiwa rasmi kama misaada ya maendeleo. Kuna mikopo mikubwa na dhamana za benki na mashirika ya serikali, yenye harufu ya biashara. Halafu kuna askari na silaha. Mali ghafi ina uzito mdogo katika fungu la kwanza na mkubwa katika la pili. Katika la tatu, inategemea ni mali gani na iko wapi.

Kwa ruzuku, ushahidi umekuwapo siku nyingi. Wachumi Alberto Alesina na David Dollar walichapisha mwaka 2000 uchunguzi wa nani humpa nani. Walikuta kwamba kuwahi kuwa koloni la mhisani, na kupiga kura upande wake katika Umoja wa Mataifa, kunaeleza mgao wa fedha kwa kiasi kikubwa, kama ilivyo hali ya mahitaji ya mpokeaji au zaidi. Mwaka 2006 Ilyana Kuziemko na Eric Werker wakapima kitu kidogo zaidi: kiti kisicho cha kudumu katika Baraza la Usalama. Nchi ikikalia kiti hicho, msaada wa Marekani kwake hupanda kwa asilimia 59, na ule wa Umoja wa Mataifa kwa asilimia 8. Miaka miwili ya kiti ikiisha, fedha hurudi zilikokuwa. Madini ya nchi hiyo hayakuongezeka wala kupungua katika miaka hiyo miwili.

Tazama pia Misri. Tangu mkataba wake wa amani na Israeli mwaka 1979 imekuwa miongoni mwa wapokeaji wakubwa wa fedha za Marekani, na msaada wa kijeshi umekaa kwa miaka mingi kwenye dola bilioni 1.3 kwa mwaka. Hapo kinacholipiwa ni amani mpakani na Mfereji wa Suez. Mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, PEPFAR, ulioanza 2003, ulipeleka fedha zake nyingi kusini na mashariki mwa Afrika kwa sababu ndiko virusi vilikoenea zaidi.

Maslahi mengine yako nyumbani kwa mhisani. Sheria ya Marekani inataka angalau nusu ya tani za chakula cha msaada zisafirishwe kwa meli zenye bendera ya Marekani. Hadi 2012 ilikuwa asilimia 75. Uingereza nayo ilitoa paundi milioni 234 kwa bwawa la Pergau nchini Malaysia, mradi uliokuwa umefungamanishwa na mauzo ya silaha za Uingereza. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya London ikaamua kwamba matumizi hayo ya fedha za misaada hayakuwa halali.

Kwa hiyo anayesema hakuna cha bure ana hoja nzito kuliko mwenzake, ila anakosea kutaja kinachonunuliwa. Mara nyingi ni kura, kituo cha jeshi, utulivu wa jirani au zabuni ya mkandarasi wa kwao.

SWALI: Nataka kupima mwenyewe badala ya kusoma maoni ya watu. Nina kompyuta na najua kutumia jedwali. Nianzie wapi, na nijihadhari na nini?

JIBU: Anzia kwenye hifadhidata inayoitwa CRS ya OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi nyingi tajiri, ambamo nchi wahisani huandika misaada yao mradi kwa mradi. Kuipakua ni bure. Chukua mhisani mmoja, wapokeaji wote, na miaka isiyopungua 10. Ukichukua miaka miwili au mitatu, mradi mmoja mkubwa utakuharibia picha yote. Chagua fedha *zilizotolewa*, achana na *zilizoahidiwa*, maana ahadi huandikwa yote mwaka inapotiwa saini hata kama fedha zitatoka kwa muda wa miaka saba. Weka bei za mwaka mmoja ili mfumuko wa bei usikudanganye.

Kabla ya kuchora chochote, ondoa gharama za kuwahudumia wakimbizi ndani ya nchi ya mhisani. Kanuni zinaruhusu miezi 12 ya kwanza ihesabiwe kama msaada, ingawa fedha hazivuki mpaka. Kisha ondoa msamaha wa madeni. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwaka 2005 misaada ya dunia iliruka hadi zaidi ya dola bilioni 100, na sehemu kubwa ya mruko huo ilikwenda Iraki na Nigeria. Mtu asiye makini akiona nchi mbili za mafuta zimepaa pamoja, anatangaza kwamba kesi imekwisha. Kilichotokea ni hiki: Novemba 2004 wakopeshaji wa Klabu ya Paris walikubali kuifutia Iraki asilimia 80 ya deni lake kwa awamu, na mwaka 2005 wakakubali kuifutia Nigeria dola bilioni 18, nayo ikilipa takribani bilioni 12 zilizobaki. Madeni hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa riba na malimbikizo ya mikopo ya zamani ya kibiashara. Kwenye vitabu ni msaada, lakini hakuna shule iliyojengwa wala dawa iliyonunuliwa kwa dola zile. Ukiiacha safu hiyo ndani ya jedwali, mafuta yataonekana kuvuta misaada kwa nguvu yasiyokuwa nayo.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Mafuta huipandisha nchi kipato, na nchi ikivuka kiwango fulani cha kipato huondolewa kwenye orodha ya wanaostahili misaada. Saudi Arabia iliondoka 2008 na Omani 2011. Ukizichanganya nchi zote, utahitimisha kwamba mafuta *hufukuza* misaada. Dawa yake ni kulinganisha nchi zenye kipato kinachokaribiana.

Kipimo cha mali ghafi nacho kinataka akili. Usitumie mauzo ya mwaka huohuo. Tumia akiba au uzalishaji wa mwanzoni mwa kipindi, na pembeni yake weka kiasi ambacho mhisani hununua nje. Norway inauza mafuta na gesi, na bado ni kati ya nchi chache zinazofikia lengo la asilimia 0.7 ya pato la taifa lililowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1970. Kudhani kwamba Norway inawinda visima vya wengine kwa ruzuku ni kujisumbua bure.

Mwisho, angalia misimbo ya sekta. Madini yana msimbo wake, 322, na utashangaa jinsi fedha zake zilivyo chache. Usiharakishe kushangilia, kwa sababu reli ya kutoa shaba mgodini huandikwa chini ya 21030, yaani usafiri wa reli. Pitia maelezo ya mradi mmoja mmoja ukiwa na ramani ya migodi mezani. Isitoshe, fungua pia jedwali la "fedha nyingine rasmi", maana mikopo isiyo nafuu ya kutosha kuitwa msaada huishia huko. DFC, shirika la serikali ya Marekani linalokopesha miradi ya nje, kwa mfano, liliidhinisha mkopo wa dola milioni 553 kwa reli ya Lobito nchini Angola, njia inayoelekea kwenye shaba na kobalti ya Kongo. Ukisoma takwimu za ruzuku peke yake, huioni.

SWALI: Na China je? Wao angalau wanasema wazi kwamba wanataka madini.

JIBU: China haimo katika kamati ya wahisani ya OECD na haiandikishi fedha zake humo, kwa hiyo mikopo yake hutazamwa mkataba kwa mkataba. Mtindo uliojulikana zaidi ulianzia Angola baada ya vita kuisha 2002. Serikali inakopa benki ya China kwa ajili ya barabara na umeme; kampuni ya taifa inamuuzia mnunuzi mafuta; mnunuzi analipa kwenye akaunti maalumu; benki inakata rejesho lake kwanza; kinachobaki kinaingia hazina.

Tatizo hujitokeza bei inaposhuka. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa juu ya dola 100, na mapema 2015 likawa chini ya 50. Rejesho la dola halikupungua, kwa hiyo mapipa ya kulilipia yaliongezeka maradufu, na hazina ikabakiwa na kidogo wakati ule ule mapato mengine yanaporomoka.

Nchini Kongo, mkataba wa Sicomines wa 2008 uliwapa Wachina asilimia 68 ya ubia wa shaba na kobalti, na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, asilimia 32, kwa ahadi ya miundombinu ya dola bilioni 6. Shirika la Fedha la Kimataifa lilipolalamikia mzigo wa deni, ahadi ikakatwa hadi bilioni 3 mwaka 2009. Mwaka 2024 mkataba ulifunguliwa tena na kiasi kikapandishwa hadi bilioni 7. Wala tusiseme ni tabia ya Wachina: Chad ilikopa zaidi ya dola bilioni moja kwa rehani ya mafuta kutoka Glencore, kampuni ya Uswisi, na imelazimika kuomba masharti mapya zaidi ya mara moja.

SWALI: Kwenye vita hamtanishawishi. Iraki 2003 mafuta, Libya 2011 mafuta, Rwanda 1994 hakuna mafuta na hakuna aliyekuja. Mnataka ushahidi gani zaidi?

JIBU: Tunataka orodha iliyoandikwa kabla ya kujua jibu. Wewe umechagua mifano inayokubaliana nawe. Ongeza Somalia 1992, Bosnia 1995 na Kosovo 1999, ambako majeshi ya Magharibi yalikwenda bila kisima cha kugombania.

Hata hivyo mafuta yana kesi zake, tena nzito. Irani ilitaifisha mafuta 1951, na serikali ya Mossadegh ikapinduliwa Agosti 1953 kwa mkono wa mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza. Januari 1980 Rais Carter alitamka hadharani kwamba Marekani ingetumia hata nguvu za kijeshi kuzuia taifa la nje kuitawala Ghuba ya Uajemi. Si mafuta tu: jimbo la Katanga lilijitenga Julai 11, 1960, siku 11 baada ya uhuru wa Kongo, likiungwa mkono na Ubelgiji, ambayo kampuni yake ya Union Minière ilichimba shaba huko. Katika uchunguzi wao wa 2016 kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe, watafiti Vincenzo Bove, Kristian Gleditsch na Petros Sekeris walikuta kwamba uwezekano wa nchi ya tatu kuingilia hupanda kadiri nchi yenye vita ilivyo na mafuta mengi na kadiri anayeingilia anavyoyategemea.

Iraki yenyewe inafundisha kupima kwa uangalifu. Kwenye minada ya mafuta ya 2009, eneo la visima la Rumaila lilikwenda kwa BP ya Uingereza pamoja na CNPC ya China, zikilipwa dola 2 kwa kila pipa la nyongeza. West Qurna 2 ilikwenda kwa Lukoil ya Urusi, nchi iliyopinga vita, kwa dola 1.15. Kampuni za Marekani zilipata sehemu, kama ExxonMobil huko West Qurna 1, lakini hazikugawiana visima peke yao. Hoja yenye nguvu zaidi ni ya nani ana sauti juu ya mafuta ya Ghuba yanayoingia soko la dunia, na hiyo haisomeki kwenye orodha ya zabuni.

SWALI: Mhisani akifadhili mradi wa mafuta na kuahidi kusimamia mapato yawafikie wananchi, tuangalie kifungu gani kwanza?

JIBU: Kifungu cha kulipa deni kabla ya muda wake. Bomba la Chad hadi pwani ya Kamerun, kilomita 1,070, lilipata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2000 kwa sharti la sheria iliyotenga asilimia 10 ya mapato ya moja kwa moja kwa vizazi vijavyo na sehemu kubwa ya yaliyobaki kwa elimu, afya na maendeleo vijijini. Mafuta yalianza kutoka 2003. Mwisho wa 2005 bunge la Chad likafuta mfuko wa vizazi vijavyo na kuingiza usalama kwenye sekta za kipaumbele. Januari 2006 Benki ikasitisha mikopo, pande mbili zikapatana, kisha wakavutana tena. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda sana, na Septemba 2008 Chad ikalipa deni lote mapema. Benki ikaondoka, na usimamizi wake ukaondoka nayo, huku bomba likiendelea kupitisha mafuta.