Mtoto anayejigaragaza sokoni

Dada yangu wa Ujiji, umeuliza ufanye nini mwanao wa miaka 3 anapojigaragaza chini katika soko la Mwanga kila anaponyimwa biskuti. Katika umri huo hasira za namna hiyo ni za kawaida, kwa kuwa mtoto anajua anachotaka kabla hajaweza kujieleza wala kujizuia vizuri. Mlishe kabla ya kutoka, umweleze mapema kwamba leo hamtanunua biskuti, akilia, simama karibu naye kimya, usimchape wala usimnunulie, na akitulia msifu papo hapo kwa kutaja alichofanya: “Umenyamaza na kunishika mkono, vizuri sana.” Siku za mwanzo huenda kilio kikazidi, maana anaupima msimamo wako. Bibi yake naye (hapa ndipo wengi hukwama) asimpe biskuti hiyo mkirudi nyumbani.